Muulize Fundi: Nani Kaifunga Breki Kompyuta Yangu?

Kuchele, wasomaji. Safari hii karibu barua zote ni za intaneti inayosota, na nusu yake zimetoka kwa watu waliokwisha kuchokonoa mipangilio kabla ya kuniuliza. Siwalaumu, mimi mwenyewe nilijifunza kazi kwa kuharibu. Nimechagua tano.

*"Fundi, habari za kazi. Nina steshenari Chikongola, kompyuta tatu. Tunachapa, tunatoa kopi, tunawajazia vijana maombi ya vyuo. Nalipia intaneti ya waya ya Mbps 20. Mwezi uliopita kijana mmoja alinionyesha video ya kuongeza kasi. Ilisema Windows hujiwekea asilimia 20 ya intaneti yako, uiweke sifuri, kisha uandike amri kadhaa kwenye lile dirisha jeusi. Nikafanya yote kwenye kompyuta ya kaunta. Juzi nimenunua printa, programu yake ni MB 300, imeshuka kwa dakika 16! Nikipima kasi naona 19. YouTube haina shida. Kompyuta nyingine mbili hazina neno. Nimeibiwa au nimelogwa?" — Mama Steshenari, Chikongola*

Hujaibiwa wala hujalogwa, dada yangu. Breki umejifunga mwenyewe. Na umenisaidia sana kutaja hizo dakika 16, maana wengi huniandikia "inazingua", basi, nami nibaki kupiga ramli.

Tupige hesabu. MB 300 kwa dakika 16 ni kama kilobaiti 310 kwa sekunde. Baiti moja ina biti nane, na kampuni zinauza kwa biti, kwa hiyo ulikuwa unapata Mbps 2.5, yaani megabiti mbili na nusu kwa sekunde. Kwa laini yako ya 20, programu hiyo ingemaliza kwa dakika mbili hivi. Nikiona 2.5 kwenye kompyuta moja, jirani zake wawili wakiwa wazima, sigusi rauta wala sipigi simu kwa kampuni. Nafungua lile dirisha jeusi kwanza.

Kivuko cha Msangamkuu unakijua. Sasa una magunia 1,000 ya kuvusha, na mpokeaji wako ng'ambo ana kibaraza cha kutosha magunia 64 tu. Kakwambia: leta 64, halafu usilete jingine mpaka nikurudishie karatasi kwamba nimepokea. Kivuko kina nafasi tele, kinaondoka kimejaa robo tu, na wewe umekaa gatini na magunia 936 unangoja karatasi. Hata wakileta kivuko kikubwa mara kumi, mzigo wako utavuka kwa mwendo uleule.

Kompyuta yako hufanya hivyohivyo inaposhusha faili. Inamwambia mtumaji: nitumie kiasi hiki, ungoje nikujibu. Kiasi hicho ndicho huitwa dirisha la kupokelea. Amri moja katika zile ulizoandika imelizuia dirisha lisikue, likabaki KB 64. Kutoka hapa Mtwara, jibu la kwenda Ulaya na kurudi nikipima dukani kwangu ni milisekunde 200 hivi, yaani safari tano kwa sekunde. Tano mara 64 ni kilobaiti 320. Ndiyo dakika zako 16 hizo.

Na kile kipimo cha kasi kilichosema 19 hakikukudanganya. Kilipima na kompyuta iliyoko Dar, ambako karatasi inarudi upesi, tena kilitumia wapokeaji kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja na kibaraza chake. YouTube nayo mara nyingi inakuletea video iliyohifadhiwa karibu, na kwenye Chrome hupita njia nyingine ambayo amri yako haiigusi. Kwa hiyo ugonjwa ulijificha mpaka ulipokuja mzigo mmoja mkubwa kutoka mbali.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza kulia, uchague kufungua kama msimamizi. Kisha andika:

netsh interface tcp show global

Tafuta mstari wenye neno Auto-Tuning. Ukiona pameandikwa disabled, tumempata mwizi. Andika:

netsh interface tcp set global autotuninglevel=normal

Zima kompyuta, iwashe, shusha faili lilelile, na uangalie saa.

Ile asilimia 20 ni ngano. Windows haikufungii chochote. Huacha nafasi pale tu programu fulani inapoomba kipaumbele, na isipoomba programu yoyote, nafasi yote ni yako. Microsoft walilikanusha hilo tangu enzi za XP. Kuiweka sifuri hakujakudhuru, ila hakujakupa hata punje. Irudishe ilivyokuwa, ili fundi ajaye asije akaanza kuitafakari.

Nikueleze na video hizo zinatoka wapi, maana si uchawi wote. Miaka ya 2000 nilikuwa na mgahawa wa intaneti wa kompyuta sita, tunakula kwa dishi la setilaiti. Setilaiti ile iko juu karibu kilomita 36,000, na jibu lilikuwa linarudi baada ya zaidi ya nusu sekunde. Windows XP, iliyotoka 2001, ilikuwa na dirisha dogo, na ukiliongeza kwa mkono unaona tofauti kwa macho. Nilitoza shilingi 5,000 kwa kazi hiyo na sijutii. Kisha Vista ikaja 2007, inalikuza dirisha yenyewe kadiri umbali unavyotaka, na Windows zote baada yake zinafanya hivyo. Rauta kadhaa kuukuu zikashindwa kuelewana na mtindo huo mpya, zikawa zinakata mawasiliano, ndipo mafundi wakaanza kuandika amri ya kuuzima. Rauta hizo zimekufa zamani. Amri imebaki inazunguka kama ile dawa ya mkebe iliyosahaulika juu ya kabati: mtu anaikuta, anaona bado inanuka, anainywa.

Kwa kompyuta tatu za duka nakushauri moja tu zaidi. Katika mipangilio ya masasisho ya Windows kuna sehemu ya kugawana masasisho na kompyuta nyingine. Ruhusu zigawane zenyewe kwa zenyewe humo dukani, ili sasisho likishushwa na moja zile mbili zilichukue kwake. Zikatalie kugawia kompyuta za huko duniani, usije ukawa unalipia intaneti ya watu.

*"Shikamoo Fundi. Mimi mwalimu wa sekondari, Newala. Natumia rauta ya laini ya 4G. Nyumba yangu ya bati, nyuma kuna mikorosho. Nimebadilisha DNS nikaweka 8.8.8.8, halafu nikaweka 1.1.1.1, sioni tofauti. Mwenzangu ananiambia nifunge rauta ibaki 4G tu. Nifanye lipi?" — Mwalimu, Newala*

Marahaba, mwalimu. DNS ni mtu wa kumuuliza njia. Unamtajia jina la tovuti, anakupa namba ya mahali ilipo, kazi yake inaishia hapo. Kutembea unatembea mwenyewe. Ile ya Google ipo tangu 2009, ile ya Cloudflare tangu 2018, na zote mbili ni nzuri. Zinakufaa pale ambapo DNS ya kampuni yako inachelewa kujibu, yaani ukurasa unakaa mweupe sekunde kadhaa, kisha unafunguka wote kwa mkupuo. Kama tatizo lako ni video kukwamakwama, unabadilisha mwelekeza njia huku barabara ni ileile ya mashimo. Acha ulivyoweka, haina ubaya.

Shida yako naihisi iko kwenye bati. Geuza rauta, chini yake kuna kibandiko chenye anwani, aghalabu 192.168.8.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari, ingia, utafute ukurasa wa hali ya mtandao. Achana na vile vijiti vitano vya mbele, vile ni pambo. Tafuta herufi RSRP. Mbele yake kuna namba hasi, isome kama deni: ndogo ndiyo nafuu. Ukiwa na -85 unalala usingizi. Kwenye -100 unaishi. Ukifika -115 unaomba Mungu. Na usidhani -90 na -100 ni ndugu, kwa sababu kila kumi ni mara kumi: kwenye -100 nguvu inayokufikia ni sehemu moja ya kumi ya ile ya -90. Karibu yake kuna SINR, inayoonyesha sauti ya mnara inavyozidi makelele. Hiyo ni kinyume, kubwa ndiyo nzuri. Zaidi ya 20 ni raha, chini ya sifuri ni kelele tupu.

Sasa shika rauta na waya mrefu wa umeme, zunguka nayo nyumbani. Kila mahali subiri kama dakika moja, andika namba kwenye karatasi. Bati linarudisha mawimbi kama linavyorudisha jua, kwa hiyo dirishani upande wa mnara patakuwa na deni dogo kuliko juu ya kabati la sebuleni, mahali ambapo kila mtu huweka rauta kwa sababu panapendeza. Majani ya mkorosho nayo yananyonya, hasa yakilowa. Nimewahi kuhamisha rauta hatua sita tu, kutoka ukutani hadi nondo za dirisha, ikatoka -112 ikaja -96. Sikugusa mpangilio hata mmoja. Na ninyi wa Newala, maji mmenyimwa, mwinuko mmepewa bure. Utumieni.

Kufunga 4G: fanya, baada ya kupata mahali pazuri. Rauta ikiachwa ijichagulie, ikiona 4G imedhoofika kidogo hukimbilia 3G na kujisahau huko. Ila ukiifunga mahali ambapo namba ni -118, utakuwa umejifungia chumba kisicho na mlango.

Kama alfajiri unaruka na saa mbili usiku unatambaa, namba zikiwa zilezile, huo ni mnara umejaa watu. Hakuna mpangilio wa kompyuta unaopunguza watu mnarani. Shusha mitihani yako alfajiri.

*"Fundi, niko kijiji cha kando ya Ruvuma, Tandahimba. Bando langu limejaa lakini simu inagoma intaneti, na hata saa yake inanichanganya." — Msomaji, Tandahimba*

Saa imerudi nyuma saa moja, sivyo? Msumbiji wako nyuma yetu saa moja. Simu yako imevuka mto bila wewe, imeshika mnara wa ng'ambo. Ingia kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, zima kuchagua mtandao kwa otomatiki, uchague kampuni yako ya hapa kwa mkono, na uzime data ya nje ya nchi. Ukienda Mtwara mjini rudisha otomatiki, la sivyo utarudi kunilaumu.

*"Fundi, mimi karani wa chama cha msingi, Lindi. Ofisini tuna kompyuta tatu za waya. Yangu inasota, hata nikituma karatasi kwa printa iliyoko chumba cha pili inachukua dakika nzima. Msimu wa korosho unakuja, mwenyekiti ananitazama vibaya. Kuna mpangilio wa kuongeza kasi ya kadi ya mtandao?" — Karani, Lindi*

Upo, na ninashuku kuna mtu kaugusa. Ulivyotaja printa umenitoa gizani. Karatasi ya kwenda chumba cha pili haipiti kwenye intaneti hata hatua moja, kwa hiyo kampuni ya intaneti ina haki ya kulala leo.

Ngoja nijishtaki. Miaka kumi na kitu nyuma, ofisi moja hapo Lindi, niliona kwenye mipangilio ya kadi pameandikwa kwamba kasi ijichagulie yenyewe. Mimi nikajiona mjanja, nikailazimisha: Mbps 100, kutuma na kupokea kwa pamoja. Nikaondoka na hela yangu. Kesho yake nikaitwa, kompyuta inatambaa. Nikarudi na feni mpya, nikabadilisha kadi, nikaweka Windows upya, siku mbili, kwa aibu bila malipo. Kumbe hivi: kompyuta na kile kisanduku cha kugawia waya hukubaliana kwa kuulizana. Nilipoilazimisha kompyuta, ikaacha kujibu maswali. Kisanduku hakikupata jibu, kikafuata kanuni yake, kwamba asiyejibu mchukulie hawezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Huyu anasema huku anasikiliza, yule anadhani ni zamu kwa zamu, wanagongana. Taa inawaka kijani, kila kitu kinaonekana kizima, na faili linatembea kama kobe.

Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, kadi ya mtandao, mipangilio ya ndani, tafuta mstari wa kasi na Duplex, yaani kutuma na kupokea kwa pamoja au kwa zamu. Rudisha kwenye Auto Negotiation, yaani ijichagulie yenyewe. Kama tayari iko hapo, angalia hali ya muunganisho inasoma ngapi. Ikisoma Mbps 10 wakati wenzako wanasoma 100 au 1,000, tatizo ni waya. Chomoa kichwa chake ukiangalie kwenye mwanga. Sisi tunaokaa pwani tunapumua chumvi, na vile vimeno vya shaba vinaota ukijani. Waya una nyuzi nane. Kwa Mbps 100 zinatosha nne, kwa 1,000 zinatakiwa zote, na panya wa Lindi hajui hesabu hiyo. Kata kichwa, funga kipya, kazi ya dakika kumi. Fanya kabla minada haijaanza, mwenyekiti atulie.

*"Fundi, mimi bibi wa Mikindani. Nina mwanangu Muscat, kila jioni tunaongea kwa video. Siku hizi uso wake unaganda, sauti inakuja vipandevipande. Mjukuu wangu kanunuliwa simu nzuri, ameniandikia barua hii. Anasema nibadilishe kampuni ya intaneti." — Bibi, Mikindani*

Shikamoo bibi. Usibadilishe kampuni kwanza. Intaneti yako ina njia mbili, ya kuleta na ya kupeleka, na ile ya kupeleka mara nyingi ni nyembamba sana. Sauti yako ni kikapu kimoja cha dagaa kinachotaka kuvuka sasa hivi. Mbele yake wakipanga foleni malori sita ya mchanga, kikapu kinangoja, dagaa wanaoza. Ndani ya nyumba yako kuna mtu anapanga malori kila jioni.

Nina hakika kiasi gani? Fungua kompyuta, kwenye lile dirisha jeusi andika ping 8.8.8.8 -t, uiache iandike jibu linachukua muda gani kurudi. Ikiwa inasoma milisekunde 60, 70, halafu mjukuu anaingia mlangoni na simu yake, namba ikaruka hadi 900, basi jibu ndilo hilo. Simu ile nzuri inapiga picha kubwa na video, na ikishika waifai ya nyumbani inazipandisha zote kwenda kuhifadhiwa mbali, bila kuuliza. Rauta inakubali foleni yote, haimkatai mtu, na wewe uko mwisho.

Kwenye rauta nyingi kuna sehemu ya kugawa kasi. Pima kasi yako ya kupeleka, tuseme ni Mbps 2, kisha weka kikomo cha nyumba nzima 1.7. Unapoteza kidogo, ila foleni haijai. Kama rauta yako haina sehemu hiyo, dawa iko kwenye simu.

Mjukuu, wewe unayemsomea bibi haya kwa sauti, usiruke mstari huu. Ingia kwenye programu yako ya picha, mipangilio, kuhifadhi nakala, uzime. Washa ukishamaliza kuoga asubuhi, baba mdogo wa Muscat akiwa kazini.